Pozi, Pazia na Simu za Mlangoni

Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840, na picha ya kamera ya harusi yake haipo. Ufundi wenyewe ulikuwa umetangazwa Paris mwaka mmoja tu kabla, na kamera za wakati ule zilimtaka mtu atulie tuli kama gogo. Ile picha inayozunguka mitandaoni, Victoria kajitanda shela, Albert kasimama kando yake, eti ndiyo ya harusi, ilipigwa na Roger Fenton mwaka 1854. Hapo walikuwa na watoto wanane! Na nguo zile ni za hafla ya ikulu.

Tunaikubali kirahisi kwa sababu tumezoea kwamba picha ya harusi ni ya kupangwa. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa hata huku pwani yetu. Maharusi walijipamba, wakaenda studio, wakati mwingine siku tofauti kabisa na ile ya nikaha. Unguja kulikuwa na studio ya A. C. Gomes, Mgoa, tangu karne ya 19. Kisha Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa wakaenda kwa N. V. Parekh, kuanzia miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980: Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara, kila mtu. Ukizitazama picha zake za rangi nyeusi na nyeupe, taa zinavyomwangukia bi arusi shavuni, utadhani unatazama bango la sinema ya Kihindi.

Watu siku hizi wanazicheka pozi hizo. Mkono hapa, kidevu juu kidogo, usicheke. Lakini hebu fikiria kazi ilivyokuwa. Kwa kamera ya picha za mraba, mkanda mmoja wa filamu ya 120 ulitoa picha 12 basi. Hakuna kubahatisha. Mpiga picha alipanga pazia, akarudi nyuma, akatazama, akaenda kurekebisha ukunjo wa shela. Baadaye filamu ikishasafishwa, aliinama nayo na penseli iliyochongwa sana akifuta chunusi. Mteja alijua kila hatua anafanywa nini, na alikuwa na nafasi ya kusema hapana.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mtindo wa picha ni suala la ladha. Pwani, swali lilikuwa: nani ataiona? Mwanamke aliyetembea mjini na buibui aliweza kulivua ndani ya chumba kile, mbele ya lenzi. Hatari ilianza picha ikitoka nje. Filamu ilibaki kwenye maboksi ya studio, na mwenye studio naye ana dirisha la barabarani la kutundika kazi zake nzuri. Mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend aliyaandikia mambo haya kitabu kizima mwaka 2013, kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, na sehemu anazozungumzia harusi ndizo zinazonirudisha kukisoma tena.

Maana kuna usiku wa kupamba. Bi arusi kakaa jukwaani, hina hadi viwikoni, wageni wote wanawake, nao wamevaa walivyopenda kwa sababu hakuna mwanamume. Mpiga picha wa kiume ataingiaje? Haingii. Kwa hiyo wakatafutwa wapiga picha wanawake. Video ilipokuja ikaongeza wasiwasi, kwani kaseti moja hurudufiwa na kuazimwa nyumba hadi nyumba, na waliomo si bi arusi peke yake.

Sasa umekuja mtindo wa kuvizia, picha za kihabari, ambazo mpiga picha hampangi mtu. Mmarekani Denis Reggie ndiye aliyeuvumisha sana. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1996, John F. Kennedy Jr. akitoka kanisani na kumbusu mkewe mkono. Inaonekana kama imejipiga yenyewe. Lakini harusi ile ilifanywa kwa siri kisiwani, wageni wachache, na picha hiyo ndiyo iliyotolewa kwa magazeti. Waliviziwa, sawa, ila mlango wa kutokea waliushika wao.

Anayechagua mpiga picha leo huoneshwa albamu mbili, ya pozi na ya kuvizia, akaulizwa anapenda ipi. Mimi ningeanza kuuliza mafaili yatakaa kwa nani, na kama shangazi aliyenaswa akicheza bila mtandio atatafutwa kwanza kabla picha haijapandishwa kwenye ukurasa wa mpiga picha. Kwenye pozi shangazi alijua anapigwa. Kwenye kuvizia hajui, na uzuri wa picha unatokana na hilo hilo.

Wanawake wa Mombasa na Unguja wameshalijibu kwa njia yao. Kwenye sherehe zao nyingi kadi inaandika kabisa: simu haziruhusiwi. Mlangoni anakaa dada mmoja na kikapu, anazipokea.