Magonjwa ya neva yanayodhaniwa kuwa mabaki ya virusi

Magonjwa kadhaa ya ubongo, neva na misuli huanza kwa dalili zilezile zinazobaki baada ya maambukizi ya virusi: uchovu usioisha, kusahausahau, ganzi, kizunguzungu. Aliyeugua UVIKO-19 miezi michache iliyopita huona kila kinachomsumbua kuwa ni masalia ya ugonjwa ule, na mara nyingi daktari naye hukubali. Fasili ya masalia hayo iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021 ni kali zaidi: dalili ziwepo, kwa kawaida, miezi 3 baada ya kuugua, ziwe zimedumu angalau miezi 2, na zisiwe na maelezo mengine ya kitabibu. Sharti hilo la mwisho ndilo hurukwa.

Maiasthenia gravisi ndiyo hupotea kirahisi zaidi katika dhana hiyo ya masalia. Kingamwili za mgonjwa hushambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayofikisha amri ya neva kwenye msuli, hivyo msuli huishiwa nguvu kadiri unavyotumika na hupata nafuu ukipumzika. Asubuhi mgonjwa yu mzima. Jioni kope zinashuka, anaona vitu viwiliviwili, sauti inatokea puani, na nyama inamshinda kutafuna kabla sahani haijaisha. Akijieleza kwa neno "nachoka" tu, hakuna atakayeshtuka. Uchunguzi wa awali hauhitaji mashine: mgonjwa hutakiwa kutazama juu dakika moja au mbili, na kope zikianza kulegea, barafu ikiwekwa juu ya kope kwa dakika 2 hivi, hupanda tena. Picha ya MRI ya ubongo huwa safi, jambo linalowatuliza watu bure. Damu ndiyo husema zaidi, kwani kingamwili hizo huonekana kwa takriban asilimia 85 ya wale ambao ugonjwa umeenea mwilini.

Mgonjwa anayesisitiza kwamba yote yalianza baada ya homa huenda hakosei, kwa kuwa maambukizi yanaweza kuuibua ugonjwa uliokuwa umejificha. Hatari ni kuishia hapo. Azithromaisini, inayotolewa ovyo kwa kikohozi kisichokoma, inaweza kuzidisha udhaifu huo, na misuli ya kupumua ikilegea mgonjwa huhitaji mashine ya kupumulia. Tiba ipo tangu 1934, Mary Walker alipoonyesha jijini London kwamba fisostigmini hurudisha nguvu. Pairidostigmini, ya jamii hiyohiyo, hutumika hadi leo.

Kwenye ugonjwa wa Parkinson kinachopotosha ni pua. Kupungua kwa uwezo wa kunusa kunaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka, ila huja polepole mno, tofauti na UVIKO-19 unaouondoa ghafla. Mwandiko unaozidi kuwa mdogo na mkono mmoja usiopunga wakati wa kutembea huondoa shaka nyingi.

Maltipo sklerosisi, nadra Afrika Mashariki kuliko Ulaya Kaskazini na kwa hiyo haishukiwi upesi, hujitokeza kwa jicho moja kufifia na kuuma likigeuzwa, au ganzi inayokaa siku kadhaa.

Upungufu wa vitamini B12 husahauliwa kwa sababu ni wa kawaida mno. Huwapata wanaokula nafaka na mboga pekee, na wenye kisukari waliotumia metformini kwa miaka: miguu hufa ganzi, kumbukumbu hudhoofika, mwendo huyumba. Sindano husaidia, lakini uti wa mgongo ulioharibika muda mrefu huenda usipone kabisa.