Neno Kupooza Lilivyotupoteza: Historia ya Konzo

Kazi yangu hapa kambini ni ukalimani. Nakaa kwenye kibenchi kati ya daktari na mgonjwa. Huyu anasema kwa Mashi, yule anaandika kwa Kiswahili cha shule, na mimi niko katikati. Watu wanadhani mkalimani hana makosa, kwamba yeye ni bomba tu la kupitisha maji. Mimi nilikosea neno moja, na kosa hilo lilikaa kwenye faili la mtoto kwa miaka miwili.

Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka minane hivi. Mama yake alimleta mgongoni tulipokuwa bado wageni upande huu wa ziwa. Alieleza kwamba miguu ya binti imekaza, kama mtu aliyeifunga kamba. Mimi nikageuka kwa daktari nikasema, "Miguu imepooza." Daktari alikuwa na foleni hadi nje ya mlango. Akaandika "polio". Kumbe neno kupooza linabeba mambo mawili yasiyofanana: mguu uliolegea kama kitambaa na mguu uliokakamaa kama ubao. Polio hulegeza. Mguu wa binti huyu ulikuwa umekakamaa, akitembea kwa ncha za vidole huku magoti yakigongana.

Baada ya miaka miwili alikuja tabibu mwingine, kijana, mwenye kinyundo cha mpira mfukoni. Aligonga goti la binti, na mguu ukaruka kwa nguvu. Akagonga la pili, vilevile. Akanitazama: "Nani alisema polio?" Nilinyamaza. Ndipo akauliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza. Ilianza kwa siku ngapi? Imeendelea kuwa mbaya, au imebaki palepale? Mlikuwa mnakula nini?

Mama alijibu safari hii kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Mutoto alilala muzima. Asubuhi miguu ilikatala." Tangu siku ile haikuzidi wala haikupungua. Kwa swali la chakula alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema polepole, akinitazama mimi badala ya tabibu: "Yaya, tulikuwa tunakula mihogo tu. Na ile mihogo tulikuwa tunailoweka usiku moja."

Tabibu akaandika neno moja: konzo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya neno hilo, na leo naileta kwenu kwa sababu ni historia ya watu kama sisi.

Neno konzo si la Kizungu. Ni la Wayaka wa Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Wenyewe walikwisha kuuona ugonjwa na kuupa jina kabla daktari yeyote hajauandika. Mwaka 1938, wakati wa Wabelgiji, daktari Mwitaliano Giovanni Trolli alikusanya taarifa za madaktari waliofanya kazi Kwango akazichapisha, na jina la Wayaka akaliacha kama lilivyo. Baada ya hapo dunia ya hospitali ililisahau kwa zaidi ya miaka arobaini. Angalieni: mama yule alisema "kama mtu aliyeifunga kamba". Alisema konzo bila kujua neno la Kiyaka. Mimi ndiye niliyelitafsiri likapotea.

Ugonjwa ulirudi kwenye vitabu mwaka 1981, mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Kulikuwa na ukame mkali. Wanawake na watoto walianza kuamka miguu ikiwa imekakamaa, na mwishoni walihesabiwa zaidi ya elfu moja. Wenyeji waliuita mantakassa. Daktari kijana kutoka Uswidi, Hans Rosling, alikuwa akifanya kazi Nacala, karibu na vijiji hivyo. Je, ni polio? Ni virusi vipya? Ni silaha ya sumu? Hakuna aliyejua, na hofu ya kuambukizana ilikuwa kubwa.

Sehemu moja ya kisa hiki Rosling mwenyewe aliisimulia baadaye kwenye kitabu chake. Kiongozi wa mji alimuuliza kama afunge barabara ili ugonjwa usiingie mjini. Rosling akajibu kwamba ni lazima kufanya kitu. Barabara ikafungwa. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni na watoto wao walikosa basi, wakawaomba wavuvi wawapitishe baharini. Mitumbwi ikapinduka, wakafa maji. Na ugonjwa wenyewe haukuwa wa kuambukiza hata kidogo. Alibeba jambo hilo maisha yake yote. Nilipolisoma nilifunga kitabu kwanza. Sisi tuliokaa mbele ya vizuizi vya barabara tunajua uamuzi wa haraka wa mtu mwenye hofu unavyoweza kuua.

Jibu lilipatikana kwa kuuliza nani anaumwa na nani haumwi. Watoto wachanga wanaonyonya walisalimika. Watu wa mjini walisalimika. Waliougua ni wa vijijini, waliokuwa wakila muhogo mchungu asubuhi na jioni kwa kuwa mazao mengine yalikufa kwa ukame. Daktari Julie Cliff na wenzake wa wizara ya afya ya Msumbiji, pamoja na Rosling, walipima damu wakaona alama za sumu ya sianidi. Matokeo yakachapishwa mwaka 1984.

Mambo yanakwenda hivi. Muhogo mchungu una dawa yake ya kujilinda na wadudu na wezi. Ukiukata au kuuponda, dawa hiyo hutoa sianidi. Bibi zetu walijua: loweka siku tatu au nne mpaka ulainike, anika vizuri, twanga, ndipo upike bugali. Sumu huondoka majini na hewani. Kiasi kidogo kinachobaki mwili hukigeuza na kukitoa kwenye mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayotoka kwenye protini: samaki, nyama, maharage. Anayekula muhogo usioiva kwenye maji, wiki baada ya wiki, bila maharage wala dagaa, mwili wake hauna cha kupigania. Mishipa ya fahamu inayoongoza miguu inaharibika, na haiponi tena.

Mwaka 1985 konzo ilitokea Tarime, Tanzania, tena wakati wa njaa. Halafu Bandundu, nchini kwetu, watafiti wakiwemo Thorkild Tylleskär na Rosling walikuta jambo la kushangaza. Huko barabara ya lami ilikuwa imefika, magari ya Kinshasa yakawa yanatafuta muhogo, na akina mama wenye haraka ya kuuza wakapunguza siku za kuloweka kutoka tatu hadi moja. Hata maendeleo yakileta haraka yanaweza kufunga miguu ya mtoto. Mwaka 1992 na 1993 vita vya Msumbiji viliirudisha konzo Nampula. Na mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba konzo imeonekana Burhinyi, Kivu ya Kusini, eneo lililochanwa na vita. Burhinyi! Hapo ni karibu na kwetu. Watu wanang'oa muhogo kabla ya wakati ili usiibwe. Wanaogopa kuuacha majini siku tatu, maana wenye bunduki hawasubiri siku tatu.

Kwa nini basi ni vigumu kuitambua? Kwanza, inawapata watu wa mbali, wasio na hospitali. Pili, hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni konzo" miaka baada ya kuugua, kwa sababu sumu imeshatoka na imebaki hasara tu. Ndiyo maana mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa alama tatu ambazo mtu anaweza kuzikagua kwa macho, masikio na kinyundo. Mgonjwa anatembea au kukimbia kwa miguu iliyokakamaa pande zote mbili sawasawa. Alikuwa mzima, ugonjwa ukaanza ndani ya muda usiofika wiki moja, kisha haukuendelea. Na magoti au vifundo vya miguu vinaruka kupita kiasi vikigongwa, bila dalili za ugonjwa wa uti wa mgongo. Kuna virusi vinavyokakamaza miguu pia, lakini vyenyewe huja polepole kwa miezi na miaka. Ndiyo sababu swali la "ilianza kwa siku ngapi" ni sawa na dawa.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: mkiona mtoto anayetembea kwa ncha za vidole, msiandike haraka. Ulizeni chakula cha miezi ile, na muulize kwa upole, kwa sababu njaa ina aibu. Na mkalimani akiwaambia "kupooza", mwambieni aeleze: umelegea au umekakamaa?

Kwa wakazi: posho ikipungua na mkanunua unga wa muhogo msioujua, kuna njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kujaribiwa na akina mama wa Popokabaka, Kongo, kuanzia mwaka 2010. Changanya unga na maji mpaka ulowe, utandaze kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha pika siku hiyohiyo. Sehemu kubwa ya sumu huruka. Haichukui nafasi ya kuloweka vizuri, na haichukui nafasi ya maharage, lakini inasaidia.

Binti yule hakupona, na hatapona. Alipata magongo na mazoezi ya kunyoosha miguu, sasa anakwenda shule mwenyewe. Ila siku ile ya kinyundo mama yake hakuuliza kuhusu magongo. Aliniuliza, "Kwa hiyo haikuwa mutu?" Sikuelewa. Ndipo akanieleza: asubuhi miguu ilipokataa, ukoo ulisema bibi mzaa baba ndiye aliyemfunga mtoto. Wakamtoa nyumbani. Walipokimbia vita, bibi alibaki peke yake kijijini.

Ningekuwa nimesema "imekaza" na si "imepooza", huenda jibu hili lingekuja miaka miwili mapema, bibi akiwa bado na simu ya jirani ya kumpigia. Tabibu akasema, "Mwambie haikuwa mtu. Ilikuwa njaa." Nikamwambia, na safari hii nilitafsiri neno kwa neno. Mama akaomba karatasi. Akataka niandike lile jina, konzo, kwa herufi kubwa, na chini yake niandike kwamba bibi hana kosa, ili aipeleke kwa wazee wa ukoo walioko kambini. Nikaandika. Aliikunja mara nne akaiweka ndani ya kitenge, akambeba mtoto, akatoka.