Hiari Haikuwa Hoja: Kuusoma Upya Mgogoro wa Dort, 1618–1619

Tarehe 14 Januari 1619, katika mji wa Dordrecht nchini Uholanzi, unaojulikana zaidi vitabuni kama Dort, mwenyekiti wa sinodi Johannes Bogerman aliwafukuza ukumbini wachungaji waliokuwa wameitwa kujieleza. Tangu Desemba walikuwa wakivutana juu ya utaratibu. Bogerman aliwataka waanze na fundisho la uteule. Wao, wakiongozwa na Simon Episcopius, profesa wa Leiden, walitaka kuanza na upande wa pili wa fundisho hilohilo: je, kuna watu ambao Mungu amekusudia wapotee tangu milele? Uvumilivu wa mwenyekiti ukafika mwisho. Akawashutumu kuwa wameanza kwa uongo na kumaliza kwa uongo, akawaamuru watoke. Tangu siku hiyo mafundisho yao yalihukumiwa kwa kusomwa maandishini, wenyewe hawapo.

Kisa hiki hufundishwa kwa sentensi moja: wafuasi wa Calvin walitetea kuchaguliwa tangu asili, wafuasi wa Arminius wakatetea hiari ya mwanadamu. Sentensi hiyo hukaririka upesi, na wapo waliofaulu mitihani ya theolojia kwa sababu yake. Lakini haikubaliani na maandishi ya upande wowote. Makala haya yanadai kwamba juu ya uwezo wa mwanadamu aliyeanguka, pande zile mbili zilikuwa karibu kuliko zilivyotaka kukiri. Ugomvi wao ulimhusu Mungu: haki yake, na kama mwaliko wake kwa wote umetoka moyoni. Hiari iliingizwa baadaye kama jina la kesi.

Tuanze na Jacobus Arminius mwenyewe. Hakuwa mtu wa pembeni aliyekuja kuvamia kanisa la watu. Alisoma Leiden, kisha Geneva chini ya Theodore Beza, mrithi wa Calvin. Alikuwa mchungaji Amsterdam tangu 1588, akawa profesa Leiden mwaka 1603, na huko akakutana na Franciscus Gomarus, aliyegeuka kuwa mpinzani wake mkubwa. Alifariki Oktoba 1609, miaka tisa kabla ya sinodi, kwa hiyo Dort ilimhukumu marehemu. Januari 1610 wachungaji zaidi ya 40 waliokubaliana naye walitia sahihi waraka wa vifungu vitano, ulioandaliwa na Johannes Wtenbogaert, wakaupeleka kwa serikali ya jimbo la Holland kuomba ulinzi. Waraka huo, Remonstrantia, ndio uliowapa jina la Waremonstranti.

Kifungu cha tatu cha waraka huo ndicho ambacho sentensi yetu ya mtihani haiwezi kukimeza. Kinasema mtu hana imani iokoayo kwa nafsi yake wala kwa nguvu ya hiari yake; akiwa katika hali ya dhambi hawezi kuwaza, kutaka wala kutenda lililo jema kweli, hadi azaliwe upya na Mungu katika Kristo kwa Roho Mtakatifu. Kifungu cha nne kinaongeza kwamba neema ndiyo mwanzo, mwendelezo na ukamilifu wa kila jema. Wapinzani wao walishuku kwamba maneno hayo yanaficha jambo, lakini kwa jinsi yalivyoandikwa, ni vigumu kuona Gomarus angefuta lipi. Tofauti inajitokeza mwishoni mwa kifungu cha nne tu: kuhusu namna neema inavyotenda, si kwamba haiwezi kupingwa. Wakarejea Matendo ya Mitume sura ya 7, Stefano anapowashtaki wasikilizaji wake kwamba sikuzote wanampinga Roho.

Basi, mtu asiyeweza kuja kwa Mungu kwa nguvu zake, kwa mujibu wa pande zote mbili, huletwa na neema. Swali ni kama neema hiyo yaweza kukataliwa, na kama Mungu alipowachagua wateule alitazama imani atakayoiona ndani yao au alitazama kusudi lake tu. Hayo ni maswali mazito. Hata hivyo, si swali alilouliza Pelagius karne ya 5, kama mtu anaweza kutimiza amri za Mungu kwa uwezo wa maumbile yake. Swali hilo lilikwisha kujibiwa na mtaguso wa Carthage mwaka 418, na tena na ule wa Orange mwaka 529, chini ya Askofu Caesarius wa Arles. Orange ilisema waziwazi kwamba hata mwanzo wa imani ni zawadi ya neema. Pia ililaani wazo kwamba Mungu amewapangia watu uovu. Arminius angeweza kukaa Orange bila kufukuzwa. Gomarus naye pengine angekaa, ingawa kwa kifungu hicho cha mwisho angeombwa maelezo.

Kwa sababu hiyo, nadhani kosa kubwa la Dort haliko katika yale iliyoyakiri, bali katika shtaka ililolitoa. Katika sehemu ya kukanusha makosa, chini ya fundisho la pili, Kanuni za Dort, yaani hati ya maamuzi ya sinodi, zinawalaumu wanaofundisha jambo fulani kuhusu mauti ya Kristo kwamba wanaufufua upotofu wa Pelagius kutoka kuzimu. Ni lugha ya zama zile, zama zisizojua kubembeleza. Lakini shtaka la Upelagio lina uzito wake maalumu: linamtoa mtu nje ya Ukristo wa magharibi wote, si nje ya kanisa la Uholanzi peke yake. Waliotia sahihi kifungu cha tatu cha 1610 hawakustahili shtaka hilo. Ni kweli kwamba Waremonstranti wa vizazi vilivyofuata walisogea mbali zaidi na Augustino, mpinzani wa Pelagius, kuliko Arminius alivyofanya. Lakini mtu hahukumiwi kwa maneno ya wajukuu zake.

Haki ni haki, na wanaozikejeli Kanuni za Dort mara nyingi hawajazisoma. Wamesoma muhtasari wa nukta tano ulioenea kwa Kiingereza karne nyingi baadaye, ambao hata mpangilio wake si wa sinodi: yenyewe ilianza na uteule, na ikaunganisha mafundisho ya tatu na ya nne kuwa sura moja. Ukizisoma zenyewe unakutana na hati ya kichungaji kuliko ulivyotarajia. Kanuni ya 16 ya sura hiyo ya tatu na nne inasema neema haiwatendei watu kana kwamba ni magogo, wala haiifuti hiari yao. Inaiponya na kuigeuza. Kanuni ya 8 katika sura hiyo inasema wote wanaoitwa na Injili wanaitwa kwa dhati. Kanuni ya 3 ya sura ya pili inakiri kwamba mauti ya Kristo ina thamani isiyo na kipimo, ikitosha kabisa kwa dhambi za ulimwengu wote.

Na kuna ile ya 17 katika sura ya kwanza. Nchi ile wakati ule ilizika watoto wengi, na swali la mama aliyefiwa halikungoja profesa amalize mhadhara: mtoto wangu yuko kundi gani? Kwa fundisho linalosema uteule haumtegemei mtu, jibu la kikatili lilikuwa karibu sana. Sinodi haikulitoa. Ilisema wazazi wacha Mungu wasitie shaka juu ya uteule na wokovu wa watoto wao wanaoitwa kutoka maisha haya wakiwa wachanga, kwa ajili ya agano la neema. Wanaousema ubaridi wa Dort wangeanza na kanuni hiyo, wangepata kazi ya kueleza.

Wajumbe wenyewe hawakuwa na sauti moja. Mbali na Waholanzi, walikuwepo wajumbe kutoka Uingereza, Geneva, miji ya Uswisi na majimbo ya Ujerumani. Wafaransa walialikwa lakini mfalme wao akawakataza kusafiri. John Davenant na Samuel Ward wa ujumbe wa Uingereza, pamoja na Matthias Martinius wa Bremen, walishikilia kwamba kwa namna fulani Kristo alikufa kwa ajili ya wote. Martinius na Gomarus walikwaruzana hadharani. Na katika jambo jingine Gomarus hakupata alichokitaka. Yeye aliamini kwamba uteule, katika mpangilio wa makusudi ya Mungu, hutangulia anguko. Sinodi ikaandika kwamba Mungu aliwachagua watu kutoka katika jamii ya wanadamu iliyokwisha kuanguka. Msimamo wake haukulaaniwa, ila haukuandikwa. Naye Johannes Maccovius wa Franeker, aliyependa kuusema msimamo wa Gomarus kwa makali zaidi, aliondolewa shtaka la uzushi, kisha akaonywa ajifunze kusema kwa namna isiyowakwaza watu. Laiti Waremonstranti wangeonyeshwa robo ya upole huo.

Sasa tupime hoja zenyewe. Arminius alisema Mungu huwachagua wale aliojua tangu milele kwamba wataamini kwa msaada wa neema. Kwa haraka inaonekana haki imeokolewa: Mungu hapendelei, anatambua tu. Lakini fikiri tena. Kama Mungu alijua kabla ya kuumba kwamba katika mpangilio huu wa dunia fulani ataamini na fulani hataamini, na bado akauumba mpangilio huu badala ya mwingine, uamuzi wa mwisho juu ya nani yuko upande gani umerudi palepale, mikononi mwake. Swali limesogezwa hatua moja nyuma, halijajibiwa. Tena uteule unaotegemea imani iliyoonwa kabla unakuwa kama daftari la mahudhurio: unaorodhesha kinachotokea, hausababishi kitu. Hilo haliendani na Waefeso sura ya 1 wala na Warumi sura ya 9, ambako Paulo anataja mapacha kabla hawajatenda jema wala baya. Hapa naona Dort iliisoma Biblia vizuri zaidi.

Kwa upande wa neema kupingwa, hukumu yangu inageuka. Kanuni zinasema kwa wateule neema hushinda, na kwa wasioamini kosa ni lao wenyewe. Hitimisho la Kanuni linakanusha kwa nguvu kwamba uteule ni chanzo cha imani kwa namna ileile ambayo kukataliwa ni chanzo cha kutoamini. Nia ni njema, na ndiyo nia ya Orange. Lakini ikiwa imani haiwezi kupatikana bila neema ya pekee, na neema hiyo haikukusudiwa kwa fulani, kumwambia kwamba ameitwa kwa dhati kunahitaji maelezo ambayo sinodi haikuyatoa. Yesu akililia Yerusalemu katika Mathayo 23 alitaka kuwakusanya, wao hawakutaka. Waremonstranti waliliacha fungu hilo liseme linavyosema. Dort ililazimika kulizungukia.

Kinachonivutia kila ninapolirudia suala hili ni kwamba Roma ilikuwa na kesi ileile mezani miaka michache tu kabla. Mjesuiti Luis de Molina alichapisha kitabu Lisbon mwaka 1588, akieleza kwamba Mungu anajua kila mtu angefanya nini kwa hiari katika kila hali. Wadominiko, wakiongozwa na Domingo Báñez, waliona anaipunguza neema. Mapapa waliunda tume, vikao vikaendelea kwa miaka. Mwaka 1607 Paulo V aliufunga mjadala bila kutoa uamuzi, akazikataza pande zote mbili kuitana wazushi. Wajesuiti na Wadominiko wako ndani ya kanisa moja mpaka leo, na bado hawajakubaliana. Sisemi papa alikuwa mwanatheolojia bora kuliko Bogerman. Nasema aliona kwamba hapa maandiko yenyewe yanashikilia kweli mbili ambazo akili haijaweza kuziunganisha, akakataa kumfukuza mtu kwa sababu ya kushika moja kwa nguvu zaidi.

Dort haikuwa na nafasi hiyo, na sababu haikuwa theolojia peke yake. Nchi ilikuwa katika mapumziko ya vita na Hispania, yaliyotiwa sahihi 1609 na yaliyotarajiwa kwisha 1621. Johan van Oldenbarnevelt, aliyeyasimamia mapatano hayo, ndiye aliyewalinda Waremonstranti. Mwanamfalme Maurits, jemadari wa jeshi, alijiunga na upande wa pili na kumkamata mwaka 1618, kabla sinodi haijakaa. Tarehe 13 Mei 1619, siku chache baada ya wajumbe wa nje kuagwa, mzee huyo wa miaka 71 alikatwa kichwa The Hague. Hugo Grotius, mwanasheria aliyekuwa mshirika wake, alihukumiwa kifungo cha maisha, akatoroka 1621 akiwa ndani ya sanduku la vitabu. Wachungaji wapatao 200 walipoteza kazi. Hati yenye kanuni ya 17 ilitekelezwa na askari.

Urithi wa pande zote mbili umefika kwetu. Wapresbiteri wa Kenya walipokea imani kupitia Waskoti wa Ungamo la Westminster, ndugu wa karibu wa Kanuni za Dort. Wamethodisti, walioanza kazi Ribe mwaka 1862, ni watoto wa John Wesley, aliyelipa jarida lake la 1778 jina la Arminius bila haya. Kule Limuru makanisa hayo, pamoja na Waanglikana na Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, yamewalea wachungaji wao katika chuo kimoja, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Hakuna aliyetakiwa kuikana Dort ili apewe chumba, wala kumkana Wesley.

Kwa hiyo walimu wa theolojia waache kuuliza katika mitihani nani alitetea hiari na nani alitetea kuchaguliwa tangu asili. Wawape wanafunzi kifungu cha tatu cha 1610 na kanuni ya 16 ya sura ya tatu na nne ya 1619 bila kutaja vimetoka wapi, wawaulize kipi ni cha nani. Wengi watakosea, na makosa yao yatakuwa na sababu nzuri.