Upo Kilosa au Mikumi na unataka kutengeneza biti? Anza na simu yako

Wengi wanaotaka kuwa maprodyuza wanakwama kwenye wazo moja: bila kompyuta kubwa na studio ya Dar es Salaam, haiwezekani. Kutoka Mikumi mpaka Dar ni takriban kilomita 300, nauli tu inatosha kukukatisha tamaa. Ukweli ni kwamba hatua za mwanzo unazimaliza hapohapo ulipo, kwa simu janja na hedifoni.

Eneo hili si geni kwa Bongo Fleva. Mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020 alikuwa Joseph Haule, yaani Profesa Jay. Albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001 ilipikwa na prodyuza P-Funk Majani wa Bongo Records. Jina la prodyuza linakumbukwa mpaka leo kwa sababu biti ni nusu ya wimbo.

Vitu vya kuwa navyo

Kwenye Android au iPhone pakua BandLab, ni ya bure. Ukipata intaneti inahifadhi kazi kwenye akaunti yako, hivyo simu ikiibiwa biti haziendi nayo. Wenye iPhone wana GarageBand, nayo ni bure.

Ukipata kompyuta, wengi hapa Bongo wanatumia FL Studio, programu kutoka Ubelgiji. Ina toleo la kujaribu bila malipo, ila kuna mtego: unaweza kutoa biti ikiwa wimbo kamili, lakini mradi uliouhifadhi hautafunguka tena mpaka ununue. LMMS ni ya bure moja kwa moja.

Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti kidogo, ukigonga ngoma unaisikia baadaye na mapigo yanapishana.

Jua mwendo wa biti

Mwendo unapimwa kwa BPM, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Bongo Fleva nyingi zinacheza karibu na 100. Amapiano ni kama 112. Singeli inapita 200, ndo maana inakimbiza watu vile.

Anza na 100. Kwa mwendo huo, mzunguko mmoja wa mapigo manne unachukua sekunde 2.4.

Biti yako ya kwanza

Fungua sehemu ya ngoma. Utaona mstari wenye visanduku 16, huo ndo mzunguko mmoja. Panga hivi:

• Kiki, ile ngoma nzito ya chini: kisanduku cha 1 na 9.
• Snea, mlio mkali kama kofi: cha 5 na 13.
• Haihati, ule mlio wa "tsi tsi": cha 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13 na 15.

Cheza. Hiyo tayari ni biti. Sasa ibadilishe: weka kiki kwenye 1, 5, 9 na 13, halafu hamishia snea kwenye 4, 7, 12 na 15. Mwendo wa dancehall umeingia, na hujaongeza chombo hata kimoja. Hapo ndo utaelewa kwamba ladha inatokana na mahali pigo linapokaa. Wingi wa milio hauokoi biti mbovu.

Ngoma zikikaa sawa, weka besi inayofuata kiki, kisha melodi fupi ya noti tatu au nne. Usijaze kila nafasi, kuna mtu anatakiwa kuimba humo.

Igeuze kuwa wimbo

Wanaoanza wengi wanaishia kwenye kipande cha sekunde 10 kinachojirudia. Jaribu mpangilio huu: utangulizi mizunguko 4, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, daraja 8, kiitikio 8, mwisho 4. Jumla ni 72, na kwa BPM 100 unapata kama dakika 2 na sekunde 53. Kwenye ubeti punguza vyombo, kwenye kiitikio virudishe vyote.

Tumia sauti za nyumbani

Milio ya kupakua kila mtu anayo. Rekodi treni pale Kilosa, malori ya barabara kuu pale Mikumi, au mchi kwenye kinu. Ukitaka ngoma za asili za Wakaguru, Wasagara au Wavidunda, waombe wazee ruhusa kwanza na uwaeleze unazifanyia nini.

Biti ni mali, ilinde

Hapa ndo vijana wanapoumia. Unampa msanii biti kwa elfu chache au kwa ushkaji, ngoma inapigwa redioni, na jina lako halipo popote.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoitengeneza. Shida ni kuthibitisha kwamba ni yako. Kwa hiyo:

• Tunza mradi wenyewe, usibaki na MP3 peke yake. Mradi ndo unaoonyesha nani alijenga biti.
• Andikianeni, hata ukurasa mmoja: nani ametengeneza, kalipwa kiasi gani, mapato yatagawanywaje. Wote msaini na muweke tarehe.
• Kabla ya makubaliano, tuma kipande kifupi chenye jina lako ndani.
• Sajili kazi COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Usajili unakupa ushahidi.

Na wewe usichukue biti ya mtu YouTube kisa imeandikwa "bure". Mara nyingi bure hiyo ni ya mazoezi tu, ukianza kuingiza hela mwenyewe anakuja kudai.

Ratiba ya mwezi wa kwanza

Maliza biti mbili kila wiki, hata kama hazijakuridhisha. Mwisho wa mwezi utakuwa nazo nane. Chagua moja, mtafute mwimbaji wa mtaani kwako, na karatasi ya makubaliano iwepo kabla hajaingiza sauti.