Neno "Poza" na Jamaa Zake

Maneno mengi tunayomfariji kwayo mgonjwa au mfiwa yana asili ya Kiarabu: faraja, nafuu, taazia. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kwamba "pole", kwa kuwa halikutoka Uarabuni, ni neno pungufu, na kwamba aliyempa mfiwa pole bado hajatoa taazia. Ndugu msomaji, tulitazame kwanza neno lenyewe.

"Poza" latokana na "poa". Uji hupoa, na maumivu hupoa. "Pole" na "polepole" ni za ukoo huo huo. Malcolm Guthrie, katika Comparative Bantu (1967-1971), aliurejesha mzizi huo kwenye umbo la kale -pod-, ambalo konsonanti yake ya mwisho imedondoka katika "poa" lakini imebaki kama l katika "pole". ("Pona", ingawa lafanana nalo, huwekwa kwenye mzizi wake, -pon-.)

Waganda husema "mpola", yaani taratibu. Wazulu husema "phola" kwa kitu kilichopoa, na pia kwa kidonda kinachopona. Na hapa Songwa, wilayani Kishapu, mtu akijuliwa hali kwa Kisukuma hujibu "mhola": shwari, amani. Matamshi yasimbabaishe mtu. Mp ya kale Kisukuma huitamka mh, na pembe kwao ni "mhembe".

Ajabu ni kwamba Qur'an nayo imekutanisha baridi na amani. Katika Surat al-Anbiya, aya ya 69, moto aliotupwa Nabii Ibrahim (a.s.) uliamrishwa uwe baridi na salama kwake. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa homa yatokana na joto la Jahannam, basi ipozwe kwa maji. Mfasiri hapo hana neno bora kuliko hili letu.

Tukirudi kwenye taazia, Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) ameeleza katika al-Adhkar kuwa ni kumsubirisha mfiwa na kumtajia yatakayompunguzia huzuni, na kwamba haina lafudhi maalumu, ingawa bora ni ile Mtume (s.a.w.) aliyomtumia binti yake mtoto wake alipokuwa akikata roho. Wanaolikataa neno kwa kuwa hutajwa pia kwenye matambiko wamechanganya mambo: kuomba mizimu kuna hukumu yake, na hukumu hiyo haihamii kwenye neno. Msukuma Muislamu akimwambia mfiwa pole, kisha akamuusia subira, ametoa taazia.

Wallahu aalam.