Asili ya Mabanda ya Reli katika Mashamba ya Uingereza

Katika mashamba ya Uingereza huonekana mabanda ya mbao au ya chuma, yenye paa la mviringo, ambamo wakulima hufuga kuku au huweka majani makavu. Mengi ya hayo hayakujengwa pale. Ni miili ya magari ya mizigo ya reli. Gari lilipochakaa, kampuni iliondoa magurudumu na fremu ya chini, kwa kuwa chuma kilikuwa na thamani, na mwili ukauzwa kwa bei ndogo. Basi twauliza: banda hili lilitoka kampuni gani, na zamani zipi?

Jambo hili si jepesi, maana kampuni zenyewe zilibadilika. Mwaka 1923 kampuni 120 hivi ziliunganishwa kuwa nne, na mwaka 1948 zote nne zikawa mali ya serikali. Kwa hiyo gari moja laweza kuwa lilipakwa rangi za mabwana watatu. Asomaye herufi za juu tu amemjua bwana wa mwisho. Aliyelitengeneza bado hajamjua.

Shahidi wa kwanza ni rangi ya chini. Kwa mfano, kampuni ya London and North Western haikuandika herufi zake magarini kabla ya mwaka 1908. Ilipaka alama mbili nyeupe zenye umbo la almasi. Alama hizo zikionekana chini ya rangi nyingine, habari imekwisha kupatikana.

Shahidi wa pili ni ujenzi. Yapasa kupima urefu, upana na kimo. Kutazama kama nguzo ziko nje ya mbao au ndani. Kama mlango ni wa kusukuma au wa bawaba. Na matundu ya hewa yako wapi. Paa la Southern, kwa mfano, lina mkunjo wake, uliorithiwa kutoka kampuni ya South Eastern and Chatham.

Lakini shahidi mmoja hatoshi. Kampuni ya Great Western ilianza mwaka 1886 kutengeneza magari ya chuma ya futi 16, yaitwayo Iron Mink. Mtu akiona banda la chuma la namna hiyo hudhani mara moja kwamba ni la Great Western. Kumbe kampuni nyingine nazo zilifuata umbo hilo, hata kwa magari ya kuchukulia baruti. Ndiyo sababu kila alama yapaswa kulinganishwa na nyingine, kisha na michoro na madaftari ya karakana.

Kazi hii yataka haraka, kwa maana mbao zaoza na chuma chaliwa na kutu. Tena banda likikarabatiwa na kuandikwa jina lisilo lake, watoto watasoma uongo uliopakwa rangi nzuri, wala hakutabaki alama ya kuusahihisha. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.