Skaneri ni mbabula: historia ya joto lenye mugonjwa haoni

Leo siandike juu ya mbegu wala mbolea. Ninaandika juu ya skaneri, ile mashini ya hopitali yenye umbo la pete kubwa, yenye inapiga picha ya ndani ya mwili. Mutaniuliza: mutu wa agronomia anatafuta nini mu radiolojia? Ngojeni niwaelezee.

Miaka miwili iliyopita, mu mwezi wa kumi, mama yangu mudogo alianguka na pikipiki akitoka soko. Kichwa kiligonga mawe. Hakutoka damu nyingi, lakini magaribi akaanza kutapika na kusema maneno yasiyofuatana. Munganga wa karibu na nyumba akasema: mumupeleke kwenye skaneri haraka. Usiku tukachangishana pesa, asubuhi tukafika kwenye hopitali yenye mashini. Mulango wa chumba ulikuwa umefungwa. Mashini ilikuwa nzima. Kuranti ilikuwako. Hata mazuti ya grupu ilikuwako. Teknisie, kijana wa umri wetu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Yaya, mashini haiko mugonjwa. Klimatizeri njo imekufa. Mule ndani kuko digri 31. Nikiilazimisha kufanya kazi, itajizima yenyewe, ao itaharibika kabisa."

Nilikasirika sana. Nikamujibu kwamba sisi wote tunatoka jasho na hakuna mutu anakufa juu ya kukosa klimatizeri. Mu kichwa changu, klimatizeri ilikuwa kitu cha ofisi za wakubwa. Tukapoteza siku mbili njiani kufika mji mwengine. Kiisha pale nikaanza kusoma, juu nilitaka kujua kama yule kijana alinidanganya. Hakunidanganya. Historia ya skaneri, tangu mwanzo wake, ni historia ya watu wenye kutafuta fasi ya kutupa joto.

Tuanze na mwaka wa 1895. Tarehe 8 Novemba, mu mji wa Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi X akiwa anapitisha kuranti mu chupa ya kioo yenye ilitolewa karibu hewa yote. Mu mwezi wa Desemba akapiga picha ya mukono wa bibi yake, mifupa ikaonekana pamoja na pete ya ndoa. Dunia nzima ikashangaa juu ya mifupa. Chupa yenyewe haikuwashangaza wengi, lakini shida ilikuwa mule mule.

Namna chupa inafanya kazi ni hivi. Upande mumoja, wenye unaitwa katodi, unatoa elektroni. Zinakimbizwa kwa nguvu kubwa na kugonga kipande cha chuma cha upande wa pili, anodi. Pale zinapogonga njo mionzi inazaliwa. Lakini ni karibu asilimia 1 tu ya nguvu yote yenye inageuka mionzi. Asilimia 99 inageuka joto. Fikirieni mama mwenye anatia makala 100 mu mbabula, na kala moja tu njo inaivisha bugali. Mbabula kama ile tungeitupa siku ile ile. Wanafizikia hawakuweza kuitupa, juu hawakuwa na nyingine. Wakajifunza kuishi na joto lake.

Mwaka wa 1913, William Coolidge wa kampuni ya General Electric, mu Marekani, alitengeneza chupa mupya. Katodi yake ilikuwa uzi wa tungsteni wenye unawashwa kama uzi wa taa, na anodi pia ilikuwa ya tungsteni. Mbele ya pale, alikuwa ameshapata namna ya kuvuta tungsteni kuwa uzi mwembamba kwa ajili ya taa za nyumba. Kwa nini tungsteni? Juu hakuna chuma kingine chenye kinavumilia moto kama yeye: kinayeyuka paka kwenye digri 3 422. Na bandugu wa Kivu, tungsteni inatoka mu jiwe lenye munalijua, wolframiti, lenye linachimbwa kwetu pamoja na kasiteriti na koltani. Hata leo, fasi yenye elektroni zinagonga mu skaneri inafunikwa na tungsteni.

Lakini hata tungsteni inaweza kuyeyuka ukigonga fasi moja bila kupumzika. Mwaka wa 1929, kampuni ya Philips, mu Uholanzi, ikaleta chupa yenye iliitwa Rotalix, kazi ya Albert Bouwers. Mule ndani anodi ilikuwa sahani yenye inazunguka. Mutu yeyote mwenye alichoma hindi kwenye makala anaelewa ile akili: ukiacha hindi upande mumoja linaungua, ukiligeuza moto unagawanyika. Ile sahani inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika.

Mu ile chupa hakuna hewa, kwa hiyo hakuna upepo wa kupoza sahani. Joto linatoka kwa kungaa tu, sawa vile kala jekundu linakuunguza uso bila kukugusa. Linafika kwenye ukuta wa chupa, kiisha linaingia mu mafuta yenye yanazunguka chupa inje. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kubeba joto inafanywa na mafuta. Hewa inakuja kisha.

Sasa tufike kwenye skaneri yenyewe. Mu miaka ya 1950 na 1960, Allan Cormack, mwanafizikia muzaliwa wa Afrika ya Kusini, alitafuta hesabu ya kujenga picha ya ndani ya kitu kwa kupitisha mionzi pande nyingi. Wazo lilimuingia mwaka wa 1956 akitumika mu hopitali ya Groote Schuur, mu Cape Town. Mu Uingereza, Godfrey Hounsfield, enjinieri wa kampuni ya EMI, ile ile yenye iliuza sahani za muziki za Beatles, alijenga mashini bila kujua kazi ya Cormack. Tarehe 1 Oktoba 1971, mu hopitali ya Atkinson Morley, London, mugonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa. Mwaka wa 1979 wote wawili wakapata Nobel ya utabibu. Sisi Waafrika tukumbuke kwamba nusu ya hii historia ilianzia kwenye bara letu.

Mashini ya Hounsfield ilikuwa inaenda pole pole, dakika kama 4 ao 5 kwa kila hatua ya picha. Chupa yake ilikuwa ya anodi yenye haizunguke, inapozwa na mafuta, na ilitosha. Skaneri zenye zilikuja kisha zilikuwa na kamba nene za kuranti zenye zimefungwa kwenye chupa. Pete ilizunguka mara moja, ikasimama, ikarudia nyuma ili kamba zisijisokote. Ile kurudia nyuma ilikuwa hasara ya wakati, lakini kwa chupa ilikuwa pumziko.

Mu miaka ya 1980 mwishoni, maenjinieri wakaondoa kamba. Kuranti ikaanza kupita mu pete za chuma zenye zinagusana na burashi, sawa vile mu moteri ya umeme. Tangu 1989, na kazi ya watu kama Willi Kalender, mu Ujerumani, skaneri ikaweza kuzunguka bila kusimama wakati kitanda cha mugonjwa kinasogea. Kifua kizima kikapigwa mara moja, mugonjwa akiwa amezuia pumzi. Faida ilikuwa kubwa kwa watoto, kwa wazee, kwa watu wa aksida. Lakini pumziko la chupa lilikufa ile siku. Mutu anaweza kufanya hesabu mwenyewe: volti 120 000 mara miliamperi 200 ni wati 24 000. Pasi moja ya nyumba inakula kama wati 1 000. Ni pasi 24 zenye zinawaka pamoja, na moto wote unaangukia alama ya milimita 1 hivi, sekunde kwa sekunde.

Njo maana viwanda vikashindana juu ya joto. Wakaongeza unene wa sahani, wakaipa mugongo wa grafiti ili ihifadhi joto mingi. Mwaka wa 2003 Siemens ikaleta chupa ya Straton, mwenye chupa nzima inazunguka ndani ya mafuta, ili mugongo wa anodi uguse mafuta moja kwa moja. Na programu ya skaneri ikafundishwa kuhesabu joto la anodi: likipita kipimo, inakataa kazi na kumwambia teknisie angoje.

Lakini mafuta hayamalize joto. Yanalibeba tu. Fuateni njia yake pamoja nami. Kutoka anodi linaingia mu mafuta. Pompi inapeleka mafuta kwenye radiateri, kama ile ya gari. Mavantilateri yanapuliza hewa kwenye radiateri, na hewa yenye moto inatoka mu pete na kuingia mu chumba. Njo skaneri ya kupozwa na hewa. Kuko zingine zenye joto linachukuliwa na maji mu matiyo mpaka kwenye mashini ya baridi inje ya nyumba, lakini zile zinaomba kazi nyingi ya matiyo. (Musichanganye na IRM: ile haina mionzi X, na shumaku yake kubwa inapozwa na heli ya maji-maji, kwenye digri 269 chini ya sufuri.) Kwa skaneri ya hewa, mwisho wa safari ni klimatizeri ya ukuta. Yenyewe njo inatupa inje joto lenye lilianzia kwenye tungsteni. Ikikufa, hewa ya chumba inapanda, radiateri inakosa baridi, mafuta yanabaki na moto, chupa inaungua. Na chupa ya skaneri njo moja ya vipande vyenye bei kali kupita vyote.

Tena si chupa peke yake. Vile vipokeaji vya mionzi vyenye viko upande wa pili wa pete vinabadilika kipimo wakati joto linabadilika. Njo maana asubuhi teknisie anapiga mionzi mu pete tupu, bila mutu, ili mashini ijue hewa tupu iko namna gani siku ile. Joto likipanda kisha pale, miviringo ya uongo inaweza kutokea kwenye picha, na dokta anaweza kusoma ugonjwa wenye hauko. Kwa hiyo watengenezaji mara nyingi wanaomba chumba kikae kati ya digri 18 na 24, kisiwe na unyevu mingi, kisikauke kupita.

Hapa njo nilipata haya. Nilisoma kwamba klimatizeri ya kwanza ya kisasa, ya Willis Carrier, mwaka wa 1902, haikutengenezwa kwa kupoza mabosi. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ya kuchapisha mu Brooklyn, juu karatasi zilikuwa zinavimba na unyevu na rangi hazikuangukia fasi yake. Tangu kuzaliwa kwake, klimatizeri ilikuwa chombo cha kazi. Sisi njo tuliigeuza kuwa heshima ya mukubwa.

Na mimi kama mutu wa agronomia ningepaswa kuelewa mbele ya wengine. Ukirundika kahawa mbichi usiku mumoja tu, asubuhi unaingiza mukono katikati na unasikia moto. Mahindi yenye hayakukauka vizuri yanapumua ndani ya magunia na kuungua polepole. Tunafundisha wakulima kwamba depo bila njia ya hewa si depo. Lakini tunapokea skaneri kwa ngoma na hotuba, bila kuuliza njia ya hewa.

Wengi kati yetu kesho tutakuwa mu miradi, mu mashirika, mu kamati za hopitali. Siku mashini itafika, tuulize maswali ya mukulima. Joto litatokea wapi? Klimatizeri ngapi, na ile ya pili itafanya kazi ile ya kwanza ikikufa? Grupu ikiwaka, inalisha skaneri peke yake ao pamoja na klimatizeri? Nani anasafisha filtre za pete na za ukuta, mu hii mavumbi yetu ya kiangazi? Filtre yenye imejaa mavumbi ni kama mutu mwenye amezibwa pua. Kazi yake haiombi enjinieri kutoka Ulaya. Inaomba mutu mumoja, burashi moja, na tarehe yenye imeandikwa kwenye ukuta.

Mama mudogo alipigwa picha siku ya tatu. Damu ilikuwa imekusanyika chini ya fuvu, wakamufanyia operasio, na Mungu akasaidia. Amerudia soko, anauza unga, lakini mukono wa kuume hauinuke sawa zamani, na sasa anapima unga na mukono wa kushoto. Nilipomusomea haya yote, alicheka kidogo, kiisha akaniuliza swali moja: "Na ile mashini ya kwanza, walishaitafutiaka baridi?"

Nilikwenda kuangalia. Klimatizeri mupya iko kwenye ukuta, moja tu. Yule teknisie alinipokea vizuri, akanionyesha filtre mukononi mwake. Alikuwa anaisafisha.